Naogopa Watakutii

Ifrah, aabo,

Nakuita baba, kama unavyoniita, ndivyo tulivyozoea, na leo neno hilo lina uzito kwangu kuliko siku zote. Amani ya Mungu ikutangulie huko uendako. Mimi naogopa. Nimeliandika mapema neno hili nisije nikalizunguka kurasa nzima kama mbuzi anayezunguka zizi lenye chui.

Umekwenda Bula Iftin kumuaga ayeeyo wako, na namjua mama yangu, hatakuachia upesi. Atakuombea dua, atakulisha, kisha ataomba tena kwa kuhofia kwamba ile ya kwanza haikupanda juu. Mama yako yuko uani anafunga mizigo yako na kuifungua. Mambo ya blanketi, sufuria na dawa ameshayasema na kesho atayarudia stendi mbele za watu, kwa hiyo mimi nayapita.

Kesho tunaondoka pamoja. Nimekata tiketi mbili, na nilikuonyesha wakati wa chakula cha mchana. Nitakufikisha Kitui, nionane na wakubwa wa hiyo kampuni yako ya kuchimba visima, halafu nikae karibu nawe mwezi mmoja hivi, mpaka niwaone kwa macho yangu hao wanaume uliopewa uwaongoze. Utauliza kwa nini naandika, na kesho tutakaa bega kwa bega njia nzima. Ni kwamba ndani ya basi letu hakuna siri. Nikisema neno moja, mzee wa kiti cha nyuma atachangia, mama wa kiti cha mbele atampinga, na kabla ya kufika Mwingi abiria wote watakuwa wameshaamua jambo letu.

Wala usishangae kwamba naandika kwa Kiswahili. Kwa Kisomali ningeshaanza kufoka, unanijua. Halafu hii ndiyo lugha utakayowaamrishia watu. Mimi mwenyewe nilifundishwa na mtu mmoja ambaye hujawahi kunisikia nikimtaja. Jina lake lilikuwa Mutua, na kwao ni huko huko unakokwenda.

Watu hapa mtaani wananiuliza kama siogopi. Wanasema, binti mdogo, Msomali, na hijabu yake, akasimame mbele ya mafundi wa Kikamba wenye mvi awaambie wachimbe wapi, nani atamsikiliza? Mimi hilo halininyimi usingizi. Sauti unayo. Ulipokuwa mdogo ulibishana na muuza maziwa mpaka akakuachia kibuyu, akasema huyu mtoto apelekwe bungeni. Watakusikiliza, aabo. Wakiambiwa wewe ndiye mkubwa, watakutii. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Ngoja nikueleze.

Wakati wa ule ukame mkubwa, wewe hujaanza shule, nilikuwa msimamizi wa malori ya maji. Tulijaza hapa Garissa, tukapita Dagahaley, tukaendelea na barabara ya mchanga kuelekea Diff, tukigawa maji vijijini. Madereva walikuwa watu wa bara, wengi wao Wakamba, na Mutua ndiye aliyeendesha lori la mbele, nami nikikaa naye. Njia ni ndefu na haina la kutazama, basi akanifundisha Kiswahili. Nilikuwa nakijua cha sokoni tu, cha kutaja bei na kutukana. Yeye alinifundisha cha kuzungumza. Nikikosea alicheka kidogo, akatazama dirishani, kisha akarudia neno lile lile sawasawa ndani ya sentensi yake, kama vile hakunisahihisha. Miaka ile nilidhani ana haya tu.

Mimi nililelewa katika mabaraza yetu. Wewe umeyasikia kupitia ukuta. Wanawake hawaitwi, na hilo nalo ni neno la siku nyingine. Pale mtu asiyekubali husimama. Hupiga fimbo chini, humwita mwenziwe mjinga, humtaja baba yake na kisima ambacho babu yake alikiiba. Anayejibiwa hujibu zaidi. Kijana asiye na ndevu anaweza kumwambia mzee, "Umekosea," na mzee akamsikiliza hadi mwisho. Kisha nyama inaletwa, na wale wawili waliotukanana wanakula sinia moja. Kwetu kelele si ugomvi, ni namna ya kufikiri kwa pamoja. Na aliyenyamaza amekubali. Mpaka wakati ule sikujua kama kuna nchi ambayo mambo si hivyo.

Siku hiyo mawingu yalikuwa yamesimama upande wa juu, mbali. Tulifika kwenye laga moja, mto wa mchanga ambao mwaka mzima hupitwa na mbuzi tu. Tuliukuta una maji kidogo, ya rangi ya kahawia. Ng'ambo kulikuwa na kijiji kilichokuwa kikitungoja, na nilikuwa nimewaahidi wazee wake kwamba leo watakunywa. Ahadi yangu ilinikaa shingoni.

Mutua alizima injini. Alishuka, akazunguka lori, akagusa tairi moja moja kwa mguu. Akarudi akasema, "Mkubwa, tukunywe chai kwanza."

Nikamwambia chai tutakunywa ng'ambo.

Akatazama maji. Akasema, "Hii maji iko na rangi mbaya kidogo."

Mjomba wako Abdi, tuliyekuwa naye, alidakia kwa ulimi wake usiojua p. "Rangi ya nini? Hii maji ni kidogo, hata mbuzi anabita. Bita tu, bana."

Mimi nikavua viatu. Nilitaka kumwonyesha. Nikaingia na fimbo yangu, maji yakanifika magotini, nikavuka hadi ng'ambo, nikageuka, nikacheka. Nilicheka, Ifrah. Nikampigia kelele, "Umeona? Unaogopa nini?"

Mutua akatazama tairi tena. Kisha akasema, "Sawa. Wewe ndiye mkubwa." Akapanda, akawasha, nami nikampungia mkono aje.

Mimi maji nayajua kwa miguu. Sikufikiria lori lililojaa linavyozama mchangani. Magurudumu ya mbele yalishuka katikati ya laga, akajaribu kurudi nyuma, yakashuka zaidi. Nilikuwa bado nampungia mkono niliposikia ile sauti kutoka juu. Mtu aliyezaliwa huku anaijua sauti hiyo, na mimi nimezaliwa huku. Maji yalikuja yamebeba miti mizima. Alifungua mlango, akasimama pale juu ya ngazi ya lori, akanitazama. Mpaka leo sijui alikuwa anangoja nini. Nafikiri alikuwa anangoja nimwambie la kufanya. Mimi, mwenye sauti ya kusikika mpaka mpakani, sikuweza kutoa neno.

Tulimpata asubuhi yake, mbali na pale.

Nitakuambia sasa kosa la pili, kwa sababu la kwanza hata mpumbavu angeliona. Tulikwenda kwao kama watu wetu wanavyokwenda damu inapomwagika. Nilichukua wazee, tukabeba mifugo ya fidia kwenye lori, na njiani tukapanga nani atazungumza kwanza, nani atakubali kutukanwa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Nilitaka kutukanwa, nikuambie kweli. Wangenipigia kelele, tungebishana siku mbili, tungefika mahali, na mimi ningelala.

Hakuna aliyepaza sauti. Walitupatia viti, wao wakasimama. Wakatuletea chai na mihogo. Mzee wao mmoja akasema, "Asanteni kwa kutoka mbali. Ni Mungu alipanga." Mke wa Mutua alibaki jikoni, sikumwona hata kivuli. Wazee wetu wakatazamana, wakashukuru, wakasoma dua. Kwenye gari Abdi akasema, "Watu wazuri hawa. Wametusamehe." Nikarudi Garissa nikamwambia mama yako hivyo hivyo. Nikalala.

Lakini tulipokuwa tukitoka, mama yake Mutua alinisindikiza hadi langoni. Mama mfupi, amejifunga leso kiunoni. Alinishika mkono, akauliza swali moja tu.

"Alikuambia?"

Nikasema, "Hapana mama. Hakusema kitu."

Akanitazama, akasema, "Sawa." Akauachia mkono wangu.

Sikuwa namdanganya. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Ningeapa kwa Kitabu kwamba Mutua hakusema kitu.

Miaka ikapita. Siku moja nilikaa hotelini na dereva mmoja wa zamani, Kilonzo, aliyekuwa kwenye lori la pili siku ile. Tukapiga soga, nikamwambia kile kilichokuwa kikiniuma, kwamba laiti Mutua angekataa, ningemsikiliza. Kilonzo akakoroga chai yake muda mrefu. Akasema, "Lakini mkubwa, Mutua alikataa. Sisi wote tulimsikia."

Nikauliza alikataa lini. Akanitazama kama mtu anayetazama kipofu akiuliza jua liko wapi. Akasema, "Si alisema tukunywe chai?"

Kesho yake nikaanza kuwauliza madereva wengine, mmoja mmoja, vile wanavyokataa. Walicheka sana, nami nikacheka nao. Mmoja akaniambia, ukisikia "nitajaribu," tafuta mtu mwingine. Mwingine akasema, yeye akisifia gari sana, ujue halitafika. Wa tatu akasema, "Mimi nikikuambia wewe ndiye mkubwa, hapo nishakuachia Mungu." Hapo sikucheka tena. Wahenga wa Kiswahili walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na Mutua mwenyewe ndiye aliyenifundisha methali hiyo, njiani, kabla ya Dagahaley. Niliipenda. Nilikuwa nairudia rudia kwa sauti kubwa.

Nilitaka kurudi kwa yule mama nimwambie jibu sahihi. Nikaambiwa ameshazikwa. Mke wa Mutua bado yuko.

Sasa unaona ninachokiogopea. Wewe ni mtoto wangu hata kwa sauti. Unasema wazi, unacheka wazi, unamwita adeer wako, ndugu yangu, Langare kwa sababu anachechemea, naye anaitika kwa furaha kwa sababu kwetu jina la kilema ni jina la mapenzi. Ulipokuwa mafunzoni Mwingi ulimwita fundi mmoja Mfupi. Ulinisimulia mwenyewe, ukasema alicheka nawe, halafu wiki nzima kila kifaa ulichomwomba kikawa kimepotea. Ulinisimulia kama kichekesho. Mimi nilikwenda chooni nikasimama huko mpaka moyo ukatulia, kwa sababu nilimwona akicheka na kutazama dirishani kama Mutua.

Unakwenda kusimamia mashine zinazotoboa mwamba. Kuna bomba la kukatika, kuna kamba ya chuma ya kuchomoka, kuna shimo la kuporomoka. Siku moja fundi mzee atakuja kwako, atasema jua ni kali, watu wapumzike kidogo. Na wewe utakuwa umewaahidi wanakijiji maji. Ukinirithi mimi siku hiyo, atakutii, Ifrah. Atasema sawa.

Sijui nikufundishe nini. Najua tu kwamba mimi niliuliza maswali yangu nikiwa nimeshavua viatu. Mtu akikuona umevua viatu hakupi jibu tena, anakusindikiza. Laiti ningeuliza tukiwa bado barabarani, kabla sijasema mimi nataka nini. Laiti ningemchukua kando, maana mbele ya Abdi asingeweza. Laiti tungekunywa ile chai. Ninakunywa chai kila siku ya Mungu na sijawahi kuimaliza bila kuifikiria ile.

Na kuna woga mwingine, ambao unaupinga huu wa kwanza, nami siwezi kuupatanisha nao. Pale darajani, kwenye kizuizi cha askari tunapotoka Garissa. Mwaka jana askari alikushusha, akageuza kitambulisho chako mara mbili, akasema haamini kama ni chako. Ukamwambia, "Kama si yangu, basi na hii sura pia si yangu. Chukua zote." Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na jasho linanitoka mpaka viatuni. Mdomo uliponza kichwa, na vichwa vya watu wetu pale vinaponzwa na kidogo sana. Pale nataka uniinamishie sauti, useme ndiyo afande, asante afande. Halafu nataka, ukivuka, usiwe mtu wa ndiyo afande. Na nataka zaidi ya hapo kwamba wanaume utakaowaongoza wasiwe na afande ndani yako. Naona ninataka mambo mengi. Pale darajani nimejifunza jambo ambalo barazani sikulipata: hata sisi wenye midomo tunaomba kupumzika kidogo, tunasifia gari, tunasema wewe ndiye mkubwa. Nilidhani ni mambo ya Wakamba na Wasomali. Sehemu ni hayo, sikatai. Sehemu iliyobaki ni nani ameshika bunduki, nani ameshika funguo, nani ameshika mshahara.

Hapa nimeacha kuandika kidogo. Mama yako ameniletea chai.

Imenikumbusha leo mchana. Nilipokuonyesha zile tiketi mbili, nikakueleza kwamba nitakaa huko mwezi, kwamba nitazungumza na wakubwa wako, kwamba nitatafuta chumba karibu na chako, wewe ulinisikiliza hadi mwisho. Hukubishana. Wewe, uliyemshinda muuza maziwa. Ulisema, "Tutaona, Aabo. Wacha kwanza nimuage ayeeyo." Ukaniuliza kama nataka kuongezewa chai. Ukazitazama zile tiketi, ukatazama dirishani. Nami nikasema, "Basi, tumekubaliana."

Mama yako alikuwa pale. Nimemwita sasa hivi nikamuuliza, "Ifrah alikubali?" Amenitazama kama Kilonzo. Kisha akachukua kikombe.

Tangu lini, aabo? Tangu lini watoto wangu hawanibishii? Nyumba hii ilikuwa na kelele. Nilidhani mmekua, mmekuwa na adabu. Mimi ndiye niliyeshika funguo humu ndani na sikujiona.

Ninaogopa zaidi sasa kuliko nilipoanza. Nilijipanga kuja nikulinde usiwe mimi, na ningefika Kitui nikasimama mbele ya mafundi wako, baba mzee mwenye fimbo, nikawaonyesha ng'ambo ni wapi. Wangenitazama mimi, wakakutazama wewe, wakasema sawa. Na tangu siku hiyo hakuna ambaye angekuambia ukweli.

Nimemtuma Abdi arudishe tiketi moja. Amebisha sana, amesema mtoto wa kike haachiwi barabara peke yake, amepiga ukuta kwa kiganja. Nimefurahi kumsikia. Nimemwambia hapana, na tumekula pamoja.

Kesho nitakufikisha stendi, sitavuka daraja. Moyo wangu utavuka, huo siwezi kuuzuia. Siku nitakayopanda basi la upande huo, nitakuwa nakwenda nyumbani kwa Mutua, kwa yule mwanamke aliyebaki jikoni. Nitakwenda bila wazee na bila mifugo, na sitapita kwako isipokuwa umeniita. Mama mkwe wake aliniuliza swali langoni nikalijibu vibaya. Nitamwambia yeye: aliniambia. Aliniambia, na mimi sikusikia.

Wewe pia umeniambia leo, Ifrah. Nimesikia.

Aabo yako